Mhojiwa wa Nane

Bweni la Uzamili
4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Mama hajambo? Analala usiku? Vidonge anameza au bado anavificha ndani ya foronya? Akigeuka kitandani nyonga inamuuma? Mwambie nimefika salama na chumba cha muhula huu kina dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jiko la chuo.

Usishangae kuona barua. Simu ya nyumbani ni ya mama, na mama akipokea huweka sauti ya nje mpaka mtaa mzima unasikia ninavyokohoa. Ya kwako nayo uliizamisha kwenye ndoo ya kuoshea wateja nywele. Basi tumebaki na posta, kama watu wa zamani.

Nina ombi, tena kubwa. Hii stashahada ya uzamili ni ya mwaka mmoja, na sasa nimeingia nusu ya mwisho. Kwanza madarasa, halafu kila mtu anafanya utafiti wake mdogo na kuuandikia ripoti. Bila ripoti hakuna cheti, na bila cheti nitabaki yule yule karani wa muda wa ofisi ya ustawi wa jamii, wa kugonga mihuri na kutumwa chai. Mada yangu imekubaliwa: watu wanaowatunza wazee majumbani. Nilipanga nije likizo nihoji watu wa mtaani kwetu, sasa likizo yenyewe wameijaza somo la takwimu. Takwimu, wifi! Mimi niliyekuwa najificha chooni kipindi cha hesabu.

Msimamizi wangu, mama mmoja mkali mwenye kalamu ya kijani, amekubali niwe na msaidizi wa utafiti. Nimekutaja wewe. Watu wanakaa kwako barazani unawasuka, na wakishakaa midomo haifungwi. Nahitaji wahojiwa wanane. Waulize haya tu: siku yako inaanzaje, kazi gani inakushinda, nani anakusaidia, na nani anakuuliza hali yako wewe. Waombe ruhusa kwanza. Majina usiandike, wape namba. Andika walivyosema, usipambe. Halafu wasiwe ndugu zangu wala watu wa nyumbani kwetu. Hilo ndilo sharti kubwa, maana mtafiti hachunguzi sufuria yake mwenyewe.

Najua una kazi nyingi. Lakini wewe ni zaidi ya wifi, wewe ni dada. Mpake mama mafuta mgongoni asije akatoka vidonda.

Wako,
Mwanachuo


Nyumbani
20 Februari

Kwa Profesa wetu,

Mama hajambo. Analala. Vidonge anameza, kwa sababu sasa nasimama mbele yake mpaka afungue kinywa nione chini ya ulimi. Anasema hata mahabusu hawakaguliwi hivyo, na yeye anawajua mahabusu, miaka yote ile ya ukarani wa mahakama. Mafuta nampaka. Mimi sijambo pia, ingawa hukuuliza.

Amezua jipya. Akinihitaji anagonga ukuta kwa fimbo yake. Akigonga mara moja anataka maji, mara mbili beseni. Akigonga mfululizo ujue hana shida yoyote, amekumbuka kesi ya zamani na anatafuta mtu wa kumsimulia. Niko barazani, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama, nasikia ko ko ko. Wateja wameshazoea. Jana mmoja kaniambia, "Nenda tu, hakimu anakuita."

Kazi yako nimeianza, na kuna kitu nimegundua, sijui kama huko mnafundishwa. Mtu akikupa kisogo anasema kweli. Akikutazama usoni atakwambia tunashukuru, siku zinakwenda. Mkalishe chini, kisogo kiwe magotini pako, kitana kipite mara mbili tatu, utasikia mengine kabisa.

Namba moja anamtunza mama mkwe. Bibi wa watu amesahau majina ya watoto wake wote, lakini hajasahau kwamba siku ya harusi supu ilizidi chumvi. Namba tatu ni yule kinyozi jirani, alikuja kuazima mkasi nikambana hapo hapo. Alijibu maswali mawili akaanza kulia, mkasi akausahau. Namba nne, fundi cherehani, anamtunza baba yake. Nilipomwuliza kazi gani inamshinda, alisema, "Kumwosha mtu niliyezoea kumwamkia." Nikaacha kusuka, wifi. Nilikaa na uzi mkononi.

Nimeziandika zote neno kwa neno, hata matusi ya namba mbili nimeyaacha kama yalivyo. Ukiona aibu mbele ya huyo mama wa kalamu ya kijani, yafunike kwa kidole.

Wifi yako,
Msusi


Bweni la Uzamili
11 Machi

Wifi,

Mama hajambo? Kidonda cha kisigino kimepona? Supu anakunywa? Mbona Jumapili kwenye simu sauti ilikuwa nzito, amelala vizuri kweli?

Karatasi saba nimezipata na ni dhahabu tupu. Msimamizi kazisoma, kalamu ya kijani haikugusa kitu. Sasa namba nane yuko wapi? Anataka wanane, na wasipotimia kabla mwezi huu haujaisha ananirudisha nyuma mpaka darasa lijalo. Fanya ufanyavyo, nakutegemea. Mgeuze mama kila baada ya saa chache, hata akikataa.

Wako,
Mwanachuo


Nyumbani
17 Machi

Mume wangu,

Mama anasema unyoe ndevu. Amekuota una ndevu.

Yule dada mwenye saluni hapo karibu na kiwanda chenu, mwambie kile kiti anishikie. Naja mwezi wa saba, dada yako akimaliza chuo na kurudi kukaa na mama, kama tulivyokubaliana sote mezani. Najua kuna wasusi wengine wanakitolea macho. Mwambie mkono wangu anaujua, asubiri kidogo. Na wewe subiri kidogo. Nimechoka kuwa na mume wa likizo.

Sasa sikia kituko. Dada yako anataka wahojiwa wanane. Wa nane alikuwa yule mama wa ghorofani, tena aliahidi mwenyewe, halafu akaenda akanunua wigi. Mtu mwenye wigi nitampata wapi barazani kwangu? Leo asubuhi sikuwa na mteja, mama kalala, nikakaa mbele ya kioo nijisuke mwenyewe. Nikaanza kujiuliza yale maswali kwa mzaha. Sikumaliza kwa mzaha. Nimejaza karatasi mbele na nyuma, na hizo hizo ndizo nitakazomtumia.

Nimebadilisha vitu kidogo. Mimi nimekuwa mfumaji wa vitambaa vya meza, mama nimemfanya kipofu badala ya kuvunjika nyonga. Sharti linakataza watu wa nyumbani, nalijua vizuri sana. Lakini usimwambie. Naona haya kukuandikia hili, ila ndivyo lilivyo: nataka nione kama atanijua.

Mkeo


Nyumbani
20 Machi

Profesa,

Mama hajambo. Kisigino kimekauka. Sauti ilikuwa nzito kwa sababu alikuwa amebishana na redio.

Namba nane nimempata. Huyu sikumsuka, tulikaa tu mbele ya kioo. Ruhusa ametoa bila kusukumwa. Anafuma vitambaa nyumbani na anamtunza bibi kipofu, mama wa mume wake. Haya ni maneno yake:

"Siku yangu inaanza bibi akigonga ukuta kwa fimbo. Kabla sijajua leo ni siku gani, najua anataka nini. Kazi inayonishinda? Kuosha nimezoea, kubeba nimezoea. Kinachonishinda ni kutoka. Nikienda sokoni naenda mbio, narudi mbio, nimesahau nusu ya vitu. Hata nikicheka, sikio moja liko ukutani.

"Anayenisaidia ni bibi mwenyewe. Anajitahidi asiwe mzito. Nikimnyanyua naona anavyobana pumzi, kana kwamba pumzi ndiyo yenye uzito. Ana binti, amesoma, yuko mbali. Binti anasaidia kwa maswali. Mama amekula, mama amelala, mama amemeza dawa. Akimaliza kuniagiza ananiita dada. Simchukii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mume wangu yuko mji mwingine na huko kuna kazi inaningoja. Binti akirudi nitakwenda."

Nilipomwuliza nani anakuuliza hali yako wewe, alinyamaza. Uliniambia niandike walivyosema, hukuniambia kimya kinaandikwaje. Baadaye akasema: "Wananiuliza mgonjwa hajambo. Nawajibu hajambo. Basi."

Ndiyo hayo. Sikupamba.

Msusi


Bweni la Uzamili
9 Aprili

Wifi yangu wa dhahabu,

Mama hajambo? Dawa mpya imemkubali? Bado anabishana na redio?

Wifi, namba nane! Umemtoa wapi mtu huyu? Msimamizi alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Sura nzima ya ripoti nimeijenga juu yake. Nimeiita "Utunzaji wa Maswali". Hebu nikunakilie kipande uone wifi yako alivyoiva:

"Binti wa bibi huyu amejitoa kwenye kazi ya utunzaji bila kujitoa kwenye sifa zake. Anauliza, anaagiza, anashukuru, hagusi. Neno 'dada' kinywani mwake ni ujira wa bei rahisi kwa kazi asiyotaka kuifanya."

Umeona makali hayo? Wakati naandika nilikuwa na hasira na huyo binti mpaka nikavunja ncha ya penseli. Watu wengine hawana haya kabisa. Msimamizi anataka swali moja la nyongeza: namba nane angependa huyo binti afanye nini? Mwulize upesi, tafadhali.

Sasa nina siri, mama asijue kwanza. Kituo cha wazee cha mji huu kinatafuta mratibu, na msimamizi amenipendekeza mimi. Nikipata cheti, nafasi ni yangu. Kwa hiyo mwezi wa saba sitarudi, nitakuwa nakuja siku za mapumziko tu. Najua mezani tulikubaliana vingine. Lakini bahati haibishi hodi mara mbili, na wewe na mama mmeshazoeana, mimi hata vidonge vyake sivijui rangi. Najua utanielewa. Wewe ni zaidi ya dada.

Rasimu nitamtumia mama mwenyewe, afurahi. Umfutie miwani.

Wako,
Mwanachuo


Nyumbani
21 Aprili

Profesa,

Mama hajambo. Dawa imemkubali. Hongera kwa hiyo nafasi.

Namba nane nimemwuliza. Amejibu hivi: "Arudi, au aseme harudi. Bibi hanichoshi. Kinachonichosha ni kungoja." Nilipomwuliza kama ana la kuongeza, akasema hana.

Rasimu usimtumie mama. Macho yanamsumbua siku hizi. Nitumie mimi, nitamsomea taratibu.

Msusi


Nyumbani
7 Mei

Binti yangu,

Ripoti yako imefika wakati mkaza mwanangu amekwenda kumsuka bibi harusi. Nimeisoma yote, penseli mkononi. Macho yangu hayana tatizo lolote, sijui nani anayesambaza habari hizo.

Umeandika vizuri. Katikati kuna kurasa umezijaza maneno makubwa kama mtu anayejaza sanduku asije akaulizwa mbona jepesi. Hilo ni dogo, utalirekebisha.

Mimi nimeandika maneno ya mashahidi tangu sijaolewa mpaka nastaafu. Shahidi unaweza kumbadilisha jina, kazi na umri. Namna anavyovuta pumzi kabla ya kujibu huwezi kuibadilisha. Huyo namba nane ni mkaza mwanangu. Bibi kipofu ni mimi. Kufanywa kipofu sikupenda, ila nimeona heri yangu kuliko yule wa namba moja. Na huyo binti uliyemcharaza sura nzima ni wewe.

Fimbo ya ukutani alikuandikia tangu mwezi wa pili. Nilimsikia akicheka wakati anaandika. Nadhani ulisoma barua ukitafuta habari zangu, habari zake ukazipita. Sijakasirika. Uliyoyasema juu ya huyo binti ni kweli, na kama kesi ingekuwa ya mtu mwingine ningesema hukumu imesimama. Msemo wa nyani unaujua, sina haja ya kuumalizia.

La pili. Barua yako ya tarehe tisa Aprili ilikuwa chini ya sanduku la vitana. Nimeisoma, mimi ni mgonjwa, siyo malaika. Kwa hiyo habari za kituo cha wazee ninazo. Watakuajiri utunze mama za watu. Nilicheka mpaka nyonga ikanikumbusha.

Nafasi ni nzuri, na mimi siyo mtu wa kumfunga mtoto kamba mguuni. Ukienda nenda. Lakini mkaza mwanangu aliolewa na kaka yako, hakuolewa na mimi. Saluni ya huko aliko mumewe imemshikia kiti mpaka mwezi wa saba, na baada ya hapo watampa mwingine. Kaka yako ndiye kaniambia, baada ya kumbana. Mkaza mwanangu mwenyewe hajatamka neno. Kila nikigonga anakuja, na kila akija ananiuliza nataka nini, na mimi naogopa kumwuliza yeye anataka nini kwa sababu jibu ninalo.

Amua, kisha useme. Huyo msimamizi wako mweleze ukweli wote. Mahakamani ushahidi wa namna hii hutupwa nje.

Vidonge nameza.

Mama yako


Bweni la Uzamili
13 Mei

Wifi,

Umenifanyia nini?

Mama ameniandikia. Nilikupa sharti moja kubwa, moja tu, nikalieleza mpaka na mfano wa sufuria. Ripoti inawasilishwa mwisho wa mwezi. Nikisema ukweli, namba nane anaondolewa, sura nzima inaanguka na kituo kinatafuta mtu mwingine. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya jopo la wahadhiri kumsema binti asiye na haya, na binti mwenyewe ndiye mimi. Msimamizi amenukuu yale maneno darasani, wifi. Wenzangu walitikisa vichwa. Mmoja akasema watoto wa namna hiyo wangetandikwa. Nikacheka nao!

Kwa nini hukuniambia? Ungesema tu. Barua zote umeandika mama hajambo, mama hajambo, na mimi nikaamini kila mtu hajambo.

Mwanachuo


Nyumbani
19 Mei

Wifi,

Leo sikuiti Profesa.

Kosa ni langu na silikimbii. Sharti nililijua, nikalivunja makusudi, na nikamwambia mume wangu asiseme. Kama huyo mama wa kalamu ya kijani anataka mtu wa kumgombeza, mpe jina langu, mara hii usimpe namba.

Lakini usiniulize kwa nini sikusema. Nilisema. Nilijaza karatasi mbele na nyuma, ukaniita wa dhahabu. Nilipokuwa namba, ulinisikia mpaka ukavunja penseli. Nilipokuwa wifi yako uliniagiza nimpake mama mafuta. Ningekuwa mimi ni wewe, na wewe ni mimi, ungeandika kwa jina au kwa namba?

Na hayo ya kukosa haya sikuyasema mimi. Mimi nilisema binti anasaidia kwa maswali, basi. Ukali wote ni wako. Nilipoyasoma yaliniuma kwa ajili yako, nikataka kuyafuta kwa kifutio yasikufikie. Ndiyo maana nikakudanganya habari ya macho ya mama. Mkuki kwa nguruwe, wifi, na sasa umeonja.

Mama nampenda, lisije likaingia neno hapo. Kesi zake zote nazijua, hata hukumu. Juzi nimemsahihisha jina la mwizi wa baiskeli, akafurahi siku nzima. Nikiondoka nitalia njia nzima. Lakini nataka kuondoka. Nimeliandika, nalisoma, halijanitisha. Nataka kulala kwenye nyumba ambayo ukuta wake haugongwi, nataka kusuka kichwa kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, na nataka mume wangu.

Mwezi wa saba nafunga mizigo. Ripoti yako ifanyie utakavyo. Ila usije ukasema hukuambiwa.

Msusi


Bweni la Uzamili
30 Mei

Wifi,

Hujambo? Wewe, nakuuliza wewe. Mkono haujazoea kuliandika hili, umeona ulivyopinda.

Nimekwenda kwa msimamizi nikampa barua ya mama asome mwenyewe. Alicheka mara moja, pale kwenye nyonga. Amenipa njia mbili. Ya kwanza, nimwondoe namba nane, niwasilishe ripoti nyembamba sasa hivi, nifaulu kwa kuchechemea, cheti nipate na kituo niende. Ya pili, namba nane abaki, lakini nieleze wazi mwanzo kabisa kwamba mhojiwa ni msaidizi wangu na binti ni mimi, niandike upya yote, niwasilishe na darasa lijalo. Kituo hakingoji mpaka darasa lijalo.

Nilichagua ya kwanza. Sitakuficha. Nilikaa nikakufuta, sentensi moja moja, siku nzima. Nikafika ukurasa wa shukrani, nikakuta nilishaandika zamani, "Namshukuru wifi yangu, aliye zaidi ya dada." Nilisoma mstari ule kwa macho yale yale niliyomsomea yule binti. Nikasikia haya hata peke yangu chumbani.

Nimechukua ya pili. Kituo kimeshampa nafasi mwingine, kijana wa darasa letu, yule yule aliyesema watandikwe. Nimelia na nitalia tena, nafasi ile niliitaka. Ofisi ya ustawi wamenikubalia nusu siku, na jirani wa ghorofani, yule wa wigi, atakaa na mama asubuhi. Naingia wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Mwenye saluni aambiwe kiti kina mtu.

Niachie karatasi ya rangi za vidonge.

Wifi yako


Saluni, karibu na kiwanda
16 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Mama hajambo? Analala? Vidonge unamkagua chini ya ulimi? Usimwamini akikuambia ameshameza, anavihamishia shavuni. Kisigino unakitazama? Supu asiinywe ya moto, na jioni asisikilize habari, atabishana mpaka usingizi umpotee.

Huku kuzuri. Kiti changu ni cha kuzunguka, juzi nimemzungusha mteja mpaka akasahau anataka mtindo gani. Nimesuka kichwa kizima bila kusimama, nikamaliza mapema nikabaki nashangaa mikono. Kaka yako amenyoa ndevu. Alikuwa nazo kweli, mama aliota sawasawa.

Usiku bado naamka nikisikia ko ko ko. Kumbe ni bomba la jirani.

Tafadhali mpake mama mafuta mgongoni, na mgeuze hata akikataa. Najua una ripoti yako, lakini nakutegemea. Wewe ni zaidi ya wifi, wewe ni dada.

Wako,
Msusi


Nyumbani
27 Agosti

Wifi,

Mama hajambo. Analala. Shavuni vilikuwepo viwili, nimevitoa. Kisigino ni kikavu. Habari za jioni anasikiliza, redio imeshindwa kesi mara tatu wiki hii. Mafuta nampaka.

Ripoti inakwenda polepole, naandika kati ya kugongewa na kugongewa. Jana nilikuwa na sentensi nzuri sana mkononi, akagonga mara mbili, niliporudi imeshatoroka. Mama anasema kama ilikuwa ya kweli itarudi. Leo ameanza kesi ya mwizi wa baiskeli, nimekosea jina, akaniambia, "Mkaza mwanangu alilijua."

Mimi sijambo pia, ingawa hukuuliza.

Anagonga. Nakwenda.

Wifi yako,
Mhojiwa wa Tisa